Mkesha Uliopoteza Sikukuu Yake

Kila mwaka, tarehe 31 Oktoba inapokaribia, wazazi Wakristo wa Marekani, Kanada na Uingereza huingia katika mabishano ambayo kwetu huku yaweza kuonekana ya ajabu. Jioni ya siku hiyo watoto huvaa mavazi ya mizimu, wachawi, mifupa na mazimwi, hushika vikapu, kisha hupita nyumba hadi nyumba wakibisha hodi na kudai peremende. Mbele ya milango huwekwa maboga yaliyokombwa nyama na kutobolewa macho na meno, na ndani yake huwashwa taa. Siku hiyo huitwa Halloween. Mzazi mmoja husema kuwa ni mchezo wa watoto tu. Mwenziwe, anayeketi naye benchi moja kanisani, husema ni ibada ya Shetani iliyovikwa nguo za mchezo. Na mtoto yu katikati, ameshika kikapu chake, angoja jibu.

Swali hili limewafikia pia wasemao Kiswahili. Katika miaka ya 2010 na baada yake, maelfu ya Wakongo waliokuwa wakimbizi nchini Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania walipokewa Marekani, na wengi wao walikwenda na Kiswahili chao. Watoto wao huingia shule mwezi Agosti au Septemba, na kabla hawajazoea baridi hukutana na jioni hiyo. Mama akiuliza ni sikukuu gani, mtoto hana neno la Kiswahili la kumjibu. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kurasa hizi za walimu zikaichungua historia ya jambo lenyewe. Wengi wanaobishana juu yake hutumia historia kama silaha, na historia wanayoitumia, upande huu na upande ule, ina matobo.

Tuanze na jina, kama ilivyo desturi ya walimu wa lugha. Katika Kiingereza cha kale mtu mtakatifu aliitwa kwa neno lililozaa neno hallow, na sehemu ya mwisho ya Halloween ni kifupi cha neno lenye maana ya jioni. Basi, kwa Kiswahili sanifu, Halloween si kitu kingine ila Mkesha wa Watakatifu Wote. Siku inayokeshewa ni tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki na Waanglikana wa nchi zetu wanaijua vema, na ambayo nchini Burundi ni siku ya mapumziko ya taifa. Jina halina mzimu wala mchawi ndani yake. Anayeitafsiri kuwa “sikukuu ya mashetani” ametafsiri mavazi, hakutafsiri jina.

Hata hivyo jina peke yake halimalizi shauri. Wapinzani husema kwamba Kanisa liliinyakua sikukuu ya kipagani ya Wairishi wa kale iliyoitwa Samhain, likaibatiza, na upagani ukabaki ndani kama funza ndani ya embe. Samhain ilikuwapo kweli. Ndiyo iliyofungua majira ya baridi huko Ireland, na hadithi za Kiirishi zilizoandikwa katika zama za kati huijaza matukio ya ajabu: wafalme hukutana, na milango ya vilima wanamokaa viumbe wasio wanadamu hufunguka. Lakini hadithi hizo ziliandikwa na watawa Wakristo, karne nyingi baada ya Ireland kuupokea Ukristo. Juu ya ibada zenyewe za wapagani usiku ule, ushahidi ni haba mno. Mwanahistoria Mwingereza Ronald Hutton, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya sikukuu za mwaka nchini Uingereza, alionyesha jinsi mengi yasemwayo juu ya Samhain yalivyojengwa na waandishi wa karne ya 19 na ya 20.

Tena lipo jambo ambalo wachache hulitaja. Kalenda ya kale ya watakatifu ya Kiirishi, iliyotungwa na mtawa Óengus yapata mwaka 800, iliweka kumbukumbu ya watakatifu wote mwezi Aprili. Wakati uo huo ni Alcuin, mwalimu Mwingereza aliyemtumikia mfalme Charlemagne, aliyekuwa akiihimiza tarehe 1 Novemba, na alimsifia sikukuu hiyo rafiki yake Arno, askofu wa Salzburg. Mwaka 835 mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, aliieneza katika milki yake yote kwa kibali cha Papa Gregory IV. Iwapo Wairishi wenyewe waliwaadhimisha watakatifu wao mwezi Aprili, ni vigumu kudai kwamba Novemba ilichaguliwa ili kuiziba Samhain.

Wala tusiwape ushindi mwepesi wale wa upande wa pili wasemao kwamba sikukuu hii haikugusana na wafu wa kipagani hata kidogo. Huko Roma, mwanzoni mwa karne ya 7, Papa Boniface IV alilipokea hekalu kuu la miungu, Pantheon, akaliweka wakfu kwa Maria na mashahidi wote, tarehe 13 Mei. Katika kalenda ya Warumi wa kale tarehe hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Lemuria, siku za kutuliza mizimu. Mshairi Ovid ameeleza jinsi baba mwenye nyumba alivyoamka usiku wa manane, miguu mitupu, akatupa maharagwe meusi nyuma yake bila kugeuka, akisema mara tisa kwamba kwa maharagwe hayo anajikomboa yeye na watu wake. Ikiwa Boniface aliikusudia tarehe hiyo au iligongana tu, haidhuru. Mwaka baada ya mwaka watu wa Roma walikwenda kuwakumbuka mashahidi katika siku ambazo babu zao waliwatupia wafu maharagwe. Msomaji aliyekulia katika nyumba ambamo bibi alikuwa akimwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Siku ya tatu ndiyo iliyoipa jioni hiyo sura yake. Odilo, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Cluny nchini Ufaransa tangu 994 hadi 1049, aliagiza kwamba tarehe 2 Novemba watawa wake wote waombee roho za marehemu. Desturi ikaenea Ulaya. Tangu hapo siku mbili zilifungamana: ya kwanza kwa waliofika, ya pili kwa walio njiani, yaani walio toharani kwa mafundisho ya Kanisa la wakati ule. Nchini Uingereza kengele zililia usiku kucha ili kuzifariji roho. Maskini na watoto walipita milangoni wakipewa mikate midogo iliyoitwa mikate ya roho, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Shakespeare, katika mchezo wake juu ya mabwana wawili wa Verona, anamtaja mwombaji anayelia sauti nyembamba siku ya Watakatifu Wote. Watazamaji wake walimjua mwombaji huyo.

Tuutazame mkate huo vizuri, kwa kuwa peremende ya leo yaelekea ni mjukuu wake. Mkate haukutolewa bure. Ulikuwa bei ya sala. Mtoto aliyebisha hodi alikuwa na kazi: alitumwa kwa wafu wa watu wengine. Tajiri alimhitaji maskini, na aliye hai alihitajiwa na aliyekufa. Lile tendo la kubisha hodi lilikuwa na maana iliyojulikana na pande zote mbili za mlango.

Ndipo yakaja Matengenezo ya Kanisa, na yalianza, kama tujuavyo, katika mkesha huu huu. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alimpelekea askofu mkuu wake hoja 95 za kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema. Siku haikuwa ya bahati. Kanisa la ngome ya Wittenberg liliwekwa wakfu kwa Watakatifu Wote, na kila mwaka sikukuu yake iliwavuta watu waje kutazama maelfu ya masalio ya watakatifu na kujipatia rehema. Waluteri wa Tanzania na wa nchi nyingine husherehekea tarehe hiyo kama kumbukumbu ya Matengenezo, na yumkini wengi wao hawajatambua kwamba wanakesha mkesha ule ule.

Wanamatengenezo walikataa toharani, na toharani ilipoondolewa, sala za kuwaombea wafu zilikosa pa kusimama. Kitabu cha sala cha Waingereza cha mwaka 1552 kiliibakiza siku ya Watakatifu Wote lakini hakikuwa na siku ya Marehemu. Katika enzi ya malkia Elizabeth I maaskofu walikataza kengele za usiku ule, na watu walishitakiwa kwa kuzipiga kwa siri. Uskoti ilikwenda mbali zaidi. Huko Kanisa la Kipresbiteri lilizifuta sikukuu zote za mwaka, hata Krismasi, ambayo haikuwa siku ya mapumziko Uskoti mpaka mwaka 1958.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye kiini cha habari yote. Sikukuu ilifutwa, mkesha haukufutwa. Hakuna aliyeweza kuwazuia watu wasiikumbuke jioni. Mchungaji hakuwa na la kusema juu yake tena ila kuikemea, kwa hiyo jioni ikabaki bila mwalimu. Mikate iliendelea kutolewa katika baadhi ya wilaya za Uingereza, kama Cheshire na Shropshire, hata katika karne ya 19, lakini sala iliyokuwa bei yake ilikuwa imesahauliwa. Waskoti walipajaza pengo kwa michezo: vijana walichoma kokwa motoni ili kubashiri nani ataoana na nani, na mshairi Robert Burns aliyaandika hayo katika shairi refu la mwaka 1785. Watoto walijifunika nyuso na kuzunguka wakiimba ili wapewe chochote. Wafu walikuwa bado wanatajwa, lakini si kama ndugu wa kuombewa. Walibaki kuwa vitisho. Mtu ambaye huruhusiwi kumwombea, wala kuzungumza naye, wala kumwekea mkate, hubakiwa na kazi moja tu usiku, nayo ni kutisha.

Kule Marekani wahamiaji wa kwanza wa New England walikuwa wa imani kali isiyotaka sikukuu; huko Massachusetts sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano aliyesherehekea Krismasi. Halloween ilifika kwa wingi baadaye, pamoja na Waskoti na hasa Wairishi waliokimbia njaa kubwa ya 1845 hadi 1852, ugonjwa wa viazi ulipoua chakula cha maskini, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Nyumbani kwao walizoea kuchonga taa katika mizizi minene ya mboga iliyo migumu kama kuni. Marekani walikuta boga, kubwa na laini. Tazameni jinsi mila inavyosafiri: boga linaloogopwa leo kama alama ya upagani wa kale ni tunda la Amerika, ambalo Mwirishi wa kale hakupata kuliona.

Katika miaka ya 1920 na 1930 jioni hiyo ilikuwa balaa mijini. Vijana waling'oa mageti, walivunja vioo vya madirisha, walitia magari hasara. Wazee wa mji wa Anoka, jimboni Minnesota, waliandaa maandamano ya watoto mwaka 1920 ili kuwapa shughuli nyingine, na miji mingi ikafuata njia kama hiyo. Katika miaka hiyo hiyo magazeti ya magharibi mwa Kanada yalianza kuandika juu ya watoto waliosema milangoni: tupeni kitu, au tutawafanyia utundu. Vita vya pili vya dunia vilileta mgao wa sukari. Ulipokwisha mwaka 1947, peremende zilirudi na desturi ikatapakaa nchi nzima. Ndivyo sikukuu ya watakatifu ilivyoishia mikononi mwa wenye viwanda vya sukari.

Lakini hata hapo hawakukosekana wazazi Wakristo waliotaka kuipa jioni kazi. Mwaka 1950, huko Philadelphia, mchungaji Mpresbiteri Clyde Allison na mkewe Mary Emma, aliyekuwa mwalimu, waliwapa watoto maboksi matupu ya maziwa yaliyopambwa, ili wanapobisha hodi waombe sarafu kwa ajili ya watoto wenye dhiki duniani, fedha zipelekwe UNICEF. Mara ya kwanza zilipatikana dola 17. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson aliitangaza tarehe 31 Oktoba kuwa siku ya UNICEF, na kwa miaka mingi watoto wa Marekani walizunguka na vijisanduku vile. Hatujui kama mchungaji Allison aliufikiria mkate wa roho alipoanza. Lakini mtoto wa Philadelphia, kama yule wa Cheshire, alikuwa tena ametumwa kwa ajili ya mtu mwingine asiyekuwapo pale mlangoni.

Hofu kubwa ya wazazi ilikuja katika miaka ya 1970 na 1980, na ilikuwa ya namna mbili. Kwanza ni hofu ya sumu. Mwaka 1974, jimboni Texas, mtoto wa miaka minane alikufa kwa peremende iliyotiwa sumu. Mahakama ilimtia hatiani baba yake mzazi, aliyeitaka fedha ya bima. Mwaka 1982 watu saba walikufa karibu na Chicago kwa vidonge vya maumivu vilivyotiwa sumu dukani, mwezi mmoja tu kabla ya Halloween. Nchi ikashikwa na woga wa mgeni mwenye peremende mbaya. Mtaalamu wa jamii Joel Best alichambua habari za magazeti tangu 1958, wala hakupata kisa hata kimoja kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa na peremende ya mtu baki.

Hofu ya pili ilikuwa ya roho. Makanisa ya kiinjili yalianza kuhubiri kwamba jioni hiyo ni mlango wa uchawi, yakitegemea Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inayokataza kubashiri na kutaka habari kwa wafu. Wengine, ajabu, waliupiga vita woga kwa woga mkubwa zaidi: mwaka 1972, mjini Lynchburg, Virginia, kanisa la mhubiri Jerry Falwell lilifungua nyumba ya vitisho ambamo vijana walionyeshwa kifo, kisha wakaitwa watubu. Tunakiri kwamba njia hiyo haitupendezi. Ni vigumu kuona jinsi mtoto anavyoepushwa na vitisho kwa kutishwa.

Wengine walichagua upole. Tangu miaka ya 1990 makanisa mengi ya Marekani yamewaalika watoto katika viwanja vyao vya kuegesha magari, ambako waumini hufungua mabuti ya magari yao yaliyopambwa, na watoto hupita buti kwa buti wakipokea peremende. Yapo yaliyoiita jioni hiyo sherehe ya mavuno. Ujerumani, ambako Halloween imeingia katika siku ya Matengenezo yenyewe, baadhi ya makanisa ya Kiluteri hugawa peremende zinazoitwa kwa jina la Luther. Jimbo kuu la Katoliki la Paris lilianzisha mwaka 2002 mkutano wa vijana wa jioni hiyo, na kutokana nao imeenea desturi ya watoto kuvaa kama watakatifu badala ya mizimu.

Katika hizi zote, hii ya mwisho ndiyo iliyotuvuta zaidi, kwa sababu ndiyo pekee inayoirudisha siku ya pili yake. Mherehekeaji wa mavuno aliondoa mzimu akaweka boga lile lile. Bali mtoto aliyeambiwa avae kama mtakatifu lazima aulize: mtakatifu yupi? Hapo mzazi hawezi kujibu bila kusimulia. Na masimulizi si lazima yatoke mbali. Tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi hao wa Uganda waliandikwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, majuma mawili kabla ya sikukuu yao na ya wote.

Mzazi anayekataza kabisa tusimcheke. Yeye anasimama pamoja na babu zetu wengi, ambao walipobatizwa waliambiwa waache tambiko, ngoma na hirizi kwa siku moja, na waliotii walilipa gharama kubwa kwa jamaa zao. Mtume Paulo alipoulizwa na Wakorintho juu ya nyama iliyouzwa sokoni baada ya kutolewa kwa sanamu, hakuwapa sheria moja. Aliwaambia nyama ni nyama, kisha akawaonya wasimkwaze ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Nyumba mbili za kanisa moja zaweza kuamua mbalimbali na zote zikamtii Paulo. Lisilofaa ni kumkataza mtoto kwa historia ya uongo, maana atakua na kusoma, na siku atakapogundua kwamba aliyoambiwa juu ya Samhain si kweli, huenda akayatupa pamoja nayo mengine yaliyokuwa kweli.

Turudi kwa yule mama Mkongo. Yeye hakuhama mikono mitupu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi: asubuhi familia huenda makaburini na majembe na mifagio, hung'oa majani, husafisha makaburi ya wazee wao; alasiri hurudi nyumbani kuwapikia na kuwashangilia wazazi walio hai. Watoto huenda pia, hubeba maji. Neno mkesha analijua, kwa kuwa amekesha kanisani Krismasi na Pasaka, na amekesha matangani. Akiulizwa na mwanawe Halloween ni nini, ana maneno yote ya kumjibia, na ana wafu wake mwenyewe wa kumtajia kwa majina, kabla hawajaamua kama kikapu kitatoka nje usiku huo au kitabaki ukutani.